Wasomi na Mizani ya Kahawa: Miaka Mia ya Elimu Kurudi Kijijini Kagera

Mwaka 1924, mjini Bukoba, makarani na walimu wachache walianzisha chama wakakiita Bukoba Bahaya Union. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Klemens Kiiza. Hakuna aliyekuwa na digrii kati yao, kwani Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu. Walichokuwa nacho ni uwezo wa kusoma waraka wa bwana shauri, kuandika barua ikafika ofisini na kupiga hesabu ya magunia. Kodi, bei ya kahawa na amri za machifu vilikuwa vimeanza kupitia kwenye karatasi, na mkulima asiyejua kusoma alikuwa akiamuliwa mambo yake na watu wanaojua.

Hapo ndipo wasomi wa kwanza wa Kagera walipopata kazi yao. Kiiza baadaye aliingia moja kwa moja katika kahawa, akiwakusanya wakulima Waafrika wauze mazao yao bila kutegemea wafanyabiashara wa kigeni peke yao. Mwaka 1937, serikali ya kikoloni ilipoweka kanuni mpya za utunzaji wa mibuni, Buhaya ikalipuka kwa upinzani, na wasomi walikuwemo. Miaka 13 baadaye, mwaka 1950, kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, Bukoba Native Cooperative Union. Ushirika huo ulisimama kwa jasho la wakulima, lakini bila vijana waliojua kuandika daftari la mapato usingefika popote.

Naanza na Bukoba kwa sababu kata ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, ninayoizungumzia hapa, wakati huo haikuwa na wasomi wa kutajwa. Kata hii ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka Kyerwa ilipopewa wilaya yake mwaka 2012, na Karagwe ilikuwa nyuma ya Bukoba kielimu kwa miongo mingi. Mtoto wa Kinyambo aliyefaulu darasa la mwisho la shule ya msingi alifunga sanduku lake la bati, akapita Kyaka kwenda Bukoba: Ihungo, Nyakato au Kahororo kwa wavulana, na baadaye Rugambwa kwa wasichana. Akifaulu tena, alipelekwa mbali zaidi. Kila hatua ya elimu ilikuwa hatua ya kuondoka nyumbani, na wazazi walilijua hilo walipouza kahawa kulipa ada. Walitarajia mshahara na mabati ya nyumba. Wachache walitarajia kwamba kijana huyo angekuja kuketi nao kwenye mkutano wa kijiji.

Hata hivyo kulikuwa na vijana waliofikiria mapema kuwarudia watu wao. Mwaka 1943, chuoni Makerere, Julius Nyerere pamoja na wenzake Andrew Tibandebage, kijana wa upande huu wa Ziwa Magharibi (Kagera ya leo), na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika kwa ajili ya ustawi wa watu wao. Hawakukaa muda mrefu peke yao. Waliona ni afadhali wajiunge na African Association, chama kilichokwisha kuwa na matawi nyumbani. Uamuzi huo ni wa kuangaliwa vizuri na kila kikundi cha wanafunzi kinachotaka kujiita chama leo. Vijana wale walikuwa na elimu kuliko karibu wanachama wote wa African Association, na bado waliingia humo kama wanachama. Nyerere aliporudi kufundisha shule ya St. Mary's, Tabora, alifundisha pia Kiingereza jioni kwa watu wa mjini bila malipo. Siasa zake kubwa zilikuja baadaye.

Uhuru ulipokuja, swali la msomi anadaiwa nini na wananchi wenzake likawa la nchi nzima, na likaamuliwa kwa namna iliyoumiza pande zote. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963 kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaleta sheria ya kuwalazimisha wahitimu wa vyuo na kidato cha sita kutumikia miaka miwili: miezi michache kambini, muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400 waliandamana jijini Dar es Salaam mpaka Ikulu. Waliona wanabebeshwa mzigo ambao wakubwa wenye magari hawaubebi. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza 393. Hapohapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huohuo Elimu ya Kujitegemea.

Watu husimulia tukio hilo kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa watakatifu na mwingine wa wachoyo. Sikubaliani. Wanafunzi walikuwa na hoja kuhusu mishahara ya viongozi, na Rais mwenyewe aliithibitisha alipokata wake. Lakini Nyerere naye alikuwa na hoja nzito zaidi, ile aliyoieleza mara nyingi kwa mfano wa kijiji chenye njaa: wanakijiji wanampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada, akila asirudi, amewasaliti. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata, na JKT ikaendelea. Vijana walilima na kuimba pamoja kambini, mtoto wa Mnyambo na wa Mmakonde, na nchi ilifaidika na mshikamano huo. Kambi ilimfundisha kijana nidhamu. Haikumfundisha kukaa na watu wa kijijini kwao na kuwauliza wanahitaji nini.

Kazi iliyogusa vijiji vya Karagwe ilifanywa na watu wasio na jina. Mwaka 1968, Tanzania na UNESCO walianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya kanda ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo ndiyo Kagera ya leo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao, pamba kwa Wasukuma na migomba kwa watu wa huku. Waliofundisha wengi walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi, wanakaa kijijini, wanalipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Darasa lilikuwa chini ya mti au kwenye jengo la shule watoto wakishatoka. Mama mwenye wajukuu alishika chaki akiongozwa na kijana aliyemjua tangu anatambaa, na kijana alilazimika kumfundisha bila kumvunjia heshima. Ustadi wa namna hiyo hakuna chuo kinachoutahini.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki asilimia 39, na mwaka 1977 asilimia 27. Katikati ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake anayejua kusoma kijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, elimu ya msingi kwa wote ilihitaji walimu ambao nchi haikuwa nao, na zaidi ya vijana 35,000 waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kufundisha, wakijifunza wenyewe kwa masomo ya posta na redio huku wakiwa darasani. Ubora wa elimu ulishuka, na hilo lisifichwe. Lakini kuna wazee wengi Kagera wanaosoma magazeti leo kwa sababu ya vijana hao.

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa migumu. Ushirika ulikuwa umevunjwa na serikali mwaka 1976, ukarudishwa kwa sheria ya 1982 ukiwa umechoka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipita mlangoni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humuhumu, na ukaja wakati ambapo familia zilizika waliosomeshwa kwa jasho jingi. JKT ya lazima ikasimamishwa mwaka 1994. Katika giza hilo, mwaka 1990, wakulima wa Karagwe walipata chama chao kikuu cha ushirika, KDCU, na miaka ya 1990 mtaalamu wa kilimo Joseph Sekiku alianzisha shirika la FADECO, ambalo baadaye lilizaa redio ya jamii inayozungumza na wakulima wa Karagwe na Kyerwa kuhusu bei, magonjwa ya mimea na hali ya hewa. Redio ya namna hiyo ni maarifa yaliyotoka darasani yakaja kukaa jikoni kwa mkulima.

Kisha shule za kata. Kuanzia mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uliisambaza sekondari mpaka kwenye kata ambazo hazikuwahi kuiota. Wazazi walibeba mawe na matofali. Walimu hawakutosha, serikali ikachukua vijana waliotoka kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Wananchi wakawaita vodafasta. Wapo waliowadharau, na mafunzo yalikuwa mafupi mno kweli. Lakini yalikuwepo madarasa ya fizikia ambayo bila kijana wa miaka 20 mwenye chaki yasingekuwa na mwalimu kabisa. Desturi haijaisha: kijana anayesubiri majibu ya chuo, au mhitimu wa ualimu anayesubiri ajira, huenda kufundisha kwa kujitolea shule iliyo jirani. Msaada huu ni mkubwa kuliko tunavyoukiri, na wanaoutoa wanastahili walau barua rasmi ya utambulisho na posho isiyochelewa.

Sasa Nyakatuntu, kama kata nyingine za Kyerwa, ina vijana wake Dodoma, Morogoro, Mwanza na Dar es Salaam. Shida mpya ni aibu. Mhitimu aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo akarudi nyumbani bila ajira huonekana ameshindwa, hata na mzazi wake. Hukaa ndani, au huondoka tena haraka kwenda kubangaiza mjini. Vyama vya wanafunzi na wahitimu huanzishwa kwa shauku wakati wa Krismasi, huandaa siku ya michezo na kuchangia madaftari, halafu mwenyekiti hupata kazi mkoa mwingine na kumbukumbu zote zinaondoka naye. Michezo na madaftari ni vitu vizuri. Ila historia ya mkoa huu inaonyesha kilichodumu: msomi aliyeingia katika chombo ambacho wananchi tayari wanakimiliki, akakisaidia kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kwa Kyerwa chombo hicho kwanza ni chama cha msingi cha kahawa. Simama kwenye ghala siku ya kupokea kahawa ya maganda. Mkulima anashusha gunia, karani anasoma mizani, stakabadhi inaandikwa, na mkulima anaikunja na kuiweka mfukoni bila kuiangalia mara ya pili. Kilo zilizoandikwa ni zipi? Makato ni ya nini, na nani aliyapitisha? Malipo ni kiasi gani, na yatakuja lini? Kijana wa mwaka wa pili wa uhasibu anaweza kumweleza baba yake haya yote kwa dakika tano. Anaweza pia kukaa na mama aliyekwisha kuuza kahawa yake ikiwa maua tu, kwa biashara ya butura, wakapiga pamoja hesabu ya alichopewa na mnunuzi na kile ambacho gunia lingeleta mwezi wa sita. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi. Butura inaishi kwa sababu ada na matibabu havisubiri mavuno, kwa hiyo hesabu hiyo lazima iende pamoja na kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho nacho kinahitaji mtu wa kutunza daftari kwa uaminifu.

Chombo cha pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka ukutane walau kila miezi 3, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wananchi. Mahali ambapo haisomwi, mara nyingi ni kwa sababu hakuna anayeiulizia.

Migomba nayo ina somo lake. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, mashamba yaliyolisha koo kwa vizazi yalioza. Hakuna dawa ya kupulizia. Wadudu hubeba bakteria kutoka ua dume la mgomba mgonjwa hadi mzima, na panga lisilosafishwa hufanya vivyo hivyo. Kinga ni kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kuunguza au kusafisha vifaa kwa jiki, na kung'oa mashina yaliyougua. Mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha nne analielewa hili lote, na akimweleza bibi yake kwa Kinyambo, shambani, akikata ua la kwanza mwenyewe, ataeleweka kuliko bango lolote.

Likizo ndefu ya vyuo vyetu huangukia Julai hadi Oktoba, wakati kahawa iko kwenye majamvi na magunia yanaelekea ghalani. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi na wahitimu wa Nyakatuntu: likizo hii nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaulize tarehe ya mkutano mkuu, nendeni kwa katibu wa chama cha msingi mkaombe kusaidia kwenye daftari, na mkutanapo kama chama chenu wenyewe, wekeni kumbukumbu zenu mahali ambapo atakayekuja baada yenu atazikuta. Na wazazi, kijana akirudi na cheti bila ajira, mpokeeni na mpeni kazi hiyo.