Foki za Norton katika Pikipiki za Matchless

Katika mashindano ya kwanza ya pikipiki ya TT, yaliyofanyika mwaka 1907 katika Kisiwa cha Man, Charlie Collier alishinda daraja la injini za silinda moja akiwa juu ya Matchless ya aila yake, na Rem Fowler akashinda daraja la silinda mbili kwa Norton. Na kwa miaka mingi baadaye kampuni hizo mbili za Uingereza, moja ya Plumstead, London, na nyingine ya Birmingham, zilishindana sokoni na viwanjani.

Ushindani huo ulifika hata kwenye foki, yaani miguu inayoshika gurudumu la mbele. Foki za zamani zilikuwa fito za chuma zilizofungwa kwa viungo na kubebwa na springi, hata mwaka 1935 BMW ya Ujerumani ilipotoa R12 yenye bomba linalozama ndani ya bomba, na mafuta humo ya kutuliza mtikiso. Mwaka 1941 Matchless ikatia foki za namna hiyo, zilizoitwa Teledraulic, katika G3/L ya jeshi. Na vita vilipokwisha Norton nayo ikatoa zake, Roadholder.

Mpita njia akizitazama atadhani ni kitu kimoja, lakini fundi anajua kwamba bomba la Roadholder lilikuwa nene kuliko la Teledraulic, na kwa hiyo halikubali vishikio vya mwenziwe, vile vinavyofunga mabomba kwenye shingo ya fremu; na vishikio navyo vina mhimili ambao sharti uafikiane na beringi za shingo ya fremu. Atakaye kutia Roadholder katika Matchless, basi, hana budi kuhamisha vishikio, ekseli, gurudumu na breki kwa pamoja, tena ahakikishe kwamba sahani ya breki imeshikizwa barabara kwenye mguu wa foki, maana ikiachwa huru itazunguka pamoja na gurudumu siku dereva atakapobana breki kwa hofu.

Walakini mageuzi makubwa kabisa hayakufanywa na fundi wa uchochoroni, bali na kiwanda chenyewe. AMC, wenye Matchless na AJS, walikwisha kuinunua Norton, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaifunga karakana yake ya Bracebridge Street na kuhamishia kazi Plumstead. Kutunza ghala la foki za aina mbili chini ya paa moja ni israfu. Ndipo pikipiki kubwa za Matchless na AJS za mwaka 1964 zikatoka na Roadholder, pamoja na magurudumu ya Norton. Nadhani karani wa hesabu alikuwa na sauti kubwa kuliko mhandisi katika shauri hilo, na hata hivyo mpanda pikipiki hakudhulumika, kwani alipata foki iliyosifika.

Mseto ukazidi: Matchless G15 ikapewa na injini ya Norton Atlas ya sentimita za ujazo 750. AMC ikaanguka mwaka 1966, na mwaka uliofuata warithi wake wakaonyesha Norton Commando, injini yake ikiwa imelazwa juu ya raba katika fremu mpya kabisa, na mbele yake Roadholder zile zile.