Ijue SUB-2000: Bunduki inayokunjika ikaingia kwenye begi la laptop

Ukiikuta imekunjwa unaweza usijue ni bunduki. Unaona plastiki nyeusi na chuma, urefu wa sentimita 41 hivi, uzito usiofika kilo 2. Inaingia kwenye begi la mgongoni la laptop na nafasi inabaki. Ikikunjuliwa inafika sentimita 75 na ushei, na risasi zake ni zilezile za bastola.

Hiyo ni Kel-Tec SUB-2000, inayotengenezwa mji wa Cocoa, jimbo la Florida, Marekani. Imekuwa sokoni tangu 2001. Wamarekani wanaoimiliki huanza kwa kusifia jinsi inavyokunjika, kisha wanashusha malalamiko ambayo karibu yote yanatokana na hukohuko kukunjika. Na bado wengi hawaiuzi.

Kwa nini bunduki itumie risasi za bastola?

Sababu ya kwanza ni gharama. Risasi ya milimita 9 ni kati ya zile za bei nafuu kabisa Marekani, na mwenye bastola tayari anazo nyumbani. SUB-2000 hutengenezwa kwa matoleo yanayopokea magazini za bastola maarufu kama Glock, Smith & Wesson na Beretta. Mtu mwenye Glock anatumia magazini moja kwenye silaha zote mbili.

Pili ni shabaha. Bastola hushikwa kwa mikono tu, lakini karabina inaegemea bega, na vilengeo vyake vya mbele na nyuma vimeachana zaidi. Mpigaji wa kawaida anayehangaika na bastola kwenye mita 25 anaweza kupiga vizuri mita 50, hata kukaribia 100. Mtutu mrefu pia unaipa risasi kasi zaidi kidogo.

Kuhusu urefu wa huo mtutu, inchi 16 na nukta kadhaa, hapo sheria ndiyo imepima. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inayojulikana kama National Firearms Act, ya 1934, inaweka bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16 kwenye kundi maalumu linalohitaji kusajiliwa. Aliyeibuni, George Kellgren, mzaliwa wa Sweden aliyeanzisha Kel-Tec mwaka 1991, alikuwa na kazi ya kubaki juu ya kipimo hicho na bado apate kitu cha kubebeka.

Jibu lake lilikuwa bawaba. Unavuta chini kile kikingio kinachozunguka triga, mtutu unaachia, unapanda juu na kulala mgongoni mwa bunduki mpaka ncha yake inanasa kwenye kitako. Ni kazi ya sekunde chache na haihitaji kifaa chochote. Ikiwa katika hali hiyo haiwezi kufyatua. Kabla ya kuikunja, mtumiaji anatakiwa kutoa magazini na kuhakikisha chemba ni tupu.

Malalamiko yanaanzia shavuni

Kwa kuwa mtutu unalala juu, kitako kimebaki bomba jembamba la chuma ambalo ndani yake bolti hurudi nyuma kila risasi inapotoka. Shavu linakaa juu ya bomba hilo. Vilengeo viko chini, hivyo inabidi ukandamize uso ili uone vizuri, na kila risasi inakupa kibao kidogo. Risasi 20, sawa. Ukifika 100 unaanza kusikia. Ndiyo maana bunduki nyingi za aina hii utazikuta zimevishwa raba au sponji kwenye bomba, kitu cha kwanza ambacho wamiliki wengi hununua.

Wanaodhani risasi ya bastola kwenye bunduki ya bega itakuwa laini kabisa nao hushangaa. SUB-2000 haina mfumo wa kufunga bolti. Uzito wa bolti na nguvu ya springi ndivyo vinavyozuia. Bolti nzito ikirudi nyuma kwenye silaha nyepesi, bega linapata habari.

Mkono wa kukoki uko chini ya bomba, karibu kabisa na kitako. Aliyezoea bunduki nyingine atautafuta. Kwenye vizazi viwili vya mwanzo bolti pia haibaki nyuma risasi zikiisha, kwa hiyo mpigaji anajua amemaliza pale triga inapolia "ka" bila kitu kutoka. Na triga yenyewe ni nzito.

Lakini kinachowaudhi wengi zaidi ni darubini. Ukifunga kilengeo cha nukta nyekundu juu ya mtutu, bunduki haikunjiki tena, maana mahali pa mtutu kulala pameshachukuliwa. Watu wakaanza kununua vishikio vinavyogeuka pembeni. Limezaliwa hadi soko la kampuni ndogo zinazouza triga, springi na vishikio vya bunduki hii, na mtu aliyenunua silaha ya dola 500 hivi kwa sababu ni rahisi anajikuta ameongeza mamia mengine.

Kel-Tec ilisikia, ila ilichukua muda. Kizazi cha 2, cha 2015, kilileta kitako kinachorekebishika urefu. Suala la darubini lilisubiri kizazi cha 3, ambacho sehemu yake ya mbele inazungushwa kabla ya kukunja ili darubini ipishe. Kufikia hapo Smith & Wesson walikuwa wameingia mwaka 2023 na FPC, inayokunjika kwa ubavu badala ya juu, darubini ikibaki mahali pake. Ni nzito zaidi, na kitako chake kinahifadhi magazini 2 za akiba.

Nani anaruhusiwa?

Kwa sheria ya serikali kuu, duka haliuzi bastola kwa aliye chini ya miaka 21, lakini bunduki ya bega inaruhusiwa kuanzia 18. SUB-2000, pamoja na risasi zake za bastola na kuenea kwenye begi, inahesabika kuwa bunduki ya bega. Majimbo yana ukali wake: California na New York yanabana bunduki za kujikoki zenye mshikio wa bastola na magazini ya kutoa, pamoja na idadi ya risasi ndani yake. Msomaji wa Dar au Nairobi anajua huku silaha ya moto haiguswi bila kibali.

Kwa anayenunua iliyotumika

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kwenye shavu na darubini. Mwaka 2017 Kel-Tec iliita zirudishwe kiwandani baadhi ya SUB-2000 za kizazi cha 2, kwa kuwa mitutu yake haikukazwa kwa joto ipasavyo. Mtutu wa namna hiyo unaweza kupasuka wakati wa kufyatua, na uso wa mpigaji uko palepale juu ya bomba.

Kampuni iliahidi kuzirekebisha bila malipo. Tatizo ni kwamba silaha hizi hubadilisha mikono, na mmiliki wa pili au wa tatu anaweza asiwe na habari. Kwa macho huwezi kuutambua mtutu mbovu. Kinachosaidia ni serial namba iliyopo kwenye bunduki: mnunuzi anaipeleka kwa mtengenezaji kuulizia kabla ya kupiga risasi ya kwanza.