Kodi ya Nyumba na Historia ya Ujenzi Katika Uganda



Katika maelezo yetu ya leo tungependa kulitazama jambo linalomgusa kila mtumishi wa majeshi yetu, ingawa mara nyingi hudhaniwa kuwa ni shauri la wafanyabiashara peke yao. Jambo hilo ni sheria za kodi, na namna mabadiliko ya sheria hizo yalivyoigeuza kazi ya ujenzi katika nchi yetu. Hatuna budi kuanza mbali kidogo, kwa kuwa mengi tunayoyaona leo Kampala yalikwisha kutokea zamani kwa sura nyingine.

Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston, mjumbe maalumu wa serikali ya Uingereza, alitia sahihi Mapatano ya Uganda pamoja na wakuu wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka 3 tu, na kwa hiyo waliotia sahihi kwa niaba yake ni walezi wake watatu wa utawala, yaani Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mapatano hayo hukumbukwa zaidi kwa ugawaji wa ardhi ya mailo. Lakini ndani yake mlikuwa pia na kodi mbili. Ya kwanza ilitoza rupia 3 kwa mwaka juu ya kila nyumba au kibanda kinachokaliwa na watu. Ya pili ilitoza rupia 3 kwa mwaka juu ya kila mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo mwenye paa na mwenye silaha waliandikwa pamoja katika daftari la mtoza kodi.

Wasikilizaji wetu walio jeshini wangependa kujua kwamba kodi hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na shauri la jeshi lenyewe. Tangu mwaka 1891 Waingereza waliitawala nchi hii kwa kuwategemea askari wa Kisudani, waliokuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Askari hao walilipwa mshahara mdogo, nao ulichelewa. Tena walitumwa safari baada ya safari, mbali na jamaa zao. Mwezi wa Septemba 1897 baadhi yao walikataa amri huko Ravine, wakarudi Busoga, na mwezi uliofuata wakaiteka ngome ya Luba. Meja Thruston, mkuu wao wa jeshi, aliuawa humo. Vita vya kuwakomesha maasi hao viliigharimu Uingereza fedha nyingi, na London ikachoka. Ndipo Johnston alipotumwa mwaka 1899, naye akija na agizo kwamba Uganda ianze kujilipia gharama zake yenyewe.

Basi serikali ilitafuta kitu cha kutoza. Mapato ya watu hayakuwa na hesabu, kwa maana wengi hawakutumia sarafu. Maduka yalikuwa machache. Nyumba, hata hivyo, haikuweza kufichwa. Karani aliweza kusimama kilimani, akazihesabu paa, akaandika. Sheria ilichagua kutoza kile kilichokuwa rahisi kuhesabika, na hapo ndipo lilipozaliwa kosa lake.

Mji wa mtu wa Buganda siku hizo haukuwa nyumba moja. Mwenye wake wawili au watatu aliwajengea kila mmoja nyumba yake. Kijana aliyekomaa alipewa kibanda chake, na mzee alikuwa na chake. Nyumba hizo zilijengwa kwa miti na matete, zikaezekwa kwa nyasi, nao mafundi wa kazi hiyo walikuwa watu wenye heshima, hasa wale walioyajenga majumba ya Kabaka na makaburi ya wafalme. Kodi ilipotangazwa, kila kibanda cha ziada kikageuka kuwa deni la rupia 3. Watu walifanya yale ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyafanya. Waliviacha vibanda vingine, wakajikusanya wengi ndani ya paa moja. Maafisa wa serikali wenyewe waliona kwamba hesabu ya nyumba haikulingana tena na hesabu ya watu. Sheria iliyotaka fedha kutoka katika nyumba iliwafundisha watu kutojenga nyumba.

Palikuwa na jambo jingine. Asiyekuwa na rupia aliweza kulipa kwa kuifanyia serikali kazi ya mwezi mmoja. Zaidi ya hayo, Mapatano yaliwapa wakuu haki ya kuita mfanyakazi mmoja kwa kila nyumba tatu ili azitengeneze barabara, muradi asizidi mwezi mmoja kwa mwaka. Baadaye kazi hiyo ya lazima ikajulikana sana kwa jina la luwalo. Hivyo barabara nyingi za mwanzo za Buganda zilijengwa na watu waliohesabiwa kwa paa zao. Wale wanaodhani kwamba kodi na ujenzi ni mambo mawili yaliyo mbalimbali, na waikumbuke habari hiyo.

Serikali ya kikoloni ilitambua kosa lake kidogo kidogo. Mwaka 1905 ililetwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipa kodi ya nyumba, ili wale waliojificha chini ya paa za wenzao wapatikane. Mwaka 1909 yalifanywa mapatano mapya na Buganda juu ya kodi hiyo ya kichwa. Hesabu ikahama kutoka kwenye paa hadi kwenye mtu. Kodi ya kichwa ilikuwa na uchungu wake, lakini haikumwadhibu tena mtu kwa kuongeza chumba. Hatusemi kwamba nyumba za matofali na mabati zilienea kwa sababu hiyo peke yake. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, ikarahisisha usafirishaji wa mabati, na fedha za pamba ziliwapa wakulima uwezo wa kuyanunua. Tunalosema ni kwamba sheria ilikuwa imeondoka mlangoni, na mjenzi akapata nafasi ya kupita.

Kodi ya kichwa iliendelea kwa sura mbalimbali, hata ikawa kodi iliyopimwa kwa kipato cha kila mtu, nayo ilitozwa na serikali za wilaya. Askari polisi wa zamani wanaikumbuka vema. Mwezi wa Januari 1960, katika wilaya za Bukedi na Bugisu, watu waliona kwamba walikadiriwa kodi bila haki, wakafanya ghasia. Polisi waliitwa, damu ikamwagika, kisha ikaundwa tume ya kuchunguza. Katika miaka iliyofuata uhuru, wanaume wengi walikimbilia vichakani na mabwawani kila walipoona askari wa kodi. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005. Mwenye kutumwa kuisimamia sheria ya kodi hubeba uzito wa makosa ya aliyeiandika. Jambo hilo halihitaji ushahidi zaidi ya ule wa Bukedi.

Sasa na tuje Kampala ya siku zetu, tuwatazame wakandarasi.

Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianzishwa mwaka 1991. Tarehe 1 Julai 1996 kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa kwa kiwango cha asilimia 17, na wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka yao kwa kupinga. Mwaka 2005 kiwango hicho kilipandishwa kuwa asilimia 18. Tuone kwa mfano mmoja namna kodi hii inavyoingia ndani ya ukuta. Mkandarasi akinunua saruji, nondo na mabati ya shilingi milioni 100, hulipa juu yake kodi ya shilingi milioni 18. Ikiwa ameandikishwa kwa kodi hiyo, naye ana stakabadhi halali, hizo milioni 18 huziondoa katika kodi anayopaswa kuipeleka serikalini. Ikiwa hakuandikishwa, hana mahali pa kuzidai. Huziongeza katika bei ya kazi yake, au huzikata katika faida yake. Kiwango cha mauzo kinachomlazimisha mtu kuandikishwa kilikuwa shilingi milioni 50 kwa mwaka, na mwaka 2015 kilipandishwa hadi milioni 150. Mabadiliko hayo yalimpunguzia mkandarasi mdogo kazi ya vitabu. Lakini yalimwacha pia katika hali ambayo kodi ya vifaa hubaki mikononi mwake, huku kampuni kubwa ikirudishiwa yake. Sheria moja ilileta nafuu na mzigo kwa pamoja.

Tena liko shauri la kazi za serikali, na hapa majeshi yenyewe ndiyo mteja. Kambi, vituo vya polisi na nyumba za askari hujengwa kwa mikataba. Serikali inapomlipa mkandarasi zaidi ya shilingi milioni 1, humkata asilimia 6 kwanza, ziwe malipo ya mbele ya kodi yake ya mapato. Tangu mwaka 2018 walipaji waliochaguliwa huzuia pia asilimia 6 kwa upande wa kodi ya ongezeko la thamani. Makato hayo siyo dhuluma, kwa kuwa huhesabiwa baadaye. Shida hutokea malipo yanapochelewa. Kwa muda mrefu mkandarasi alitakiwa kupeleka kodi ya ongezeko la thamani kwa hesabu ya hati aliyoiandika, hata kama serikali haijamlipa senti moja. Alikopa benki ili alipe kodi ya fedha ambazo hajazishika. Baadaye sheria ilirekebishwa ili kodi ya kazi za serikali ilipwe fedha zinapopokewa. Marekebisho hayo madogo, ambayo hayakupigiwa ngoma yoyote, yaliokoa wajenzi wengi kuliko hotuba nyingi. Askari anayeona nyumba za kambi yake zimekwama kwenye lenta asikimbilie kusema kwamba mkandarasi ni mwizi. Pengine ni mwizi kweli. Pengine amekaukiwa na fedha kati ya mdaiwa asiyelipa na kodi isiyosubiri.

Mwisho, askari mwenyewe ni mjenzi. Mshahara wa kazi wa askari wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, wa Polisi na wa Magereza umesamehewa kodi ya mapato, na kodi ya huduma ya serikali za mitaa iliyoanzishwa mwaka 2008 pia haiwahusu. Hiyo ni heshima ambayo taifa limewapa. Lakini msamaha huo ni wa mshahara, wala si wa kila shilingi. Wengi wenu mmekopa katika vyama vyenu vya akiba, kama Wazalendo na Exodus, mkajenga vile vyumba vya kupangisha viitwavyo mizigo. Kodi ya ongezeko la thamani iliyomo katika saruji yenu hairudishwi, kwa sababu nyumba za kupanga za makazi haziingizwi katika kodi hiyo. Na juu ya pango lenyewe, sheria ya mwaka 2022 inamtoza mtu binafsi asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama. Mwenye vyumba vinavyomletea shilingi milioni 10 kwa mwaka atatozwa juu ya shilingi 7,180,000, yaani atalipa shilingi 861,600. Na ajue hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi mkopo, kwa maana marejesho ya mkopo hayapunguzi kodi hiyo.

Ndugu wasikilizaji, ikiwa tutatoa funzo kutoka katika habari hii ndefu, tutasema hivi. Kodi ni ya lazima. Bila kodi hakuna mshahara, na maasi ya mwaka 1897 yanatuonyesha hatari ya jeshi lisilolipwa. Lakini sheria ya kodi hujenga au hubomoa kwa jinsi inavyochagua kitu cha kuhesabu na wakati wa kudai. Iliyohesabu paa mwaka 1900 ilipunguza paa. Iliyodai kabla ya malipo iliwavunja wakandarasi. Ile iliyosubiri fedha zipokewe imewaacha wafanye kazi.

Kwa upande wetu sisi, wajibu uko wazi. Anayejenga na adai stakabadhi kwa kila mfuko wa saruji. Anayepangisha na alipe kilichoandikwa. Vifaa vyovyote vilivyotolewa kwa askari bila kodi visipite mlango wa nyuma kwenda kwa mfanyabiashara, kwa kuwa aliyesamehewa kodi akiuuza msamaha wake huwaibia wasiosamehewa. Na atakayetumwa kulinda amani siku ya mabishano ya kodi na akumbuke kwamba aliye mbele yake, mara nyingi, ni mtu aliyejenga chumba kimoja zaidi, na anataka tu kujua kama kweli deni ni lake.