Karatasi ya Mkebe wa Nyama

Mwezi wa Januari 1943, katika kambi nambari 354 ya mateka wa vita, iliyojengwa na Waingereza Nanyuki chini ya Mlima Kenya, Waitalia watatu walitoroka, si kwa kutaraji kufika kwao, maana njia ya kufika kwao haikuwapo, bali ili waupande mlima ule waliokuwa wakiutazama kila mawingu yalipofunguka, kisha warejee kambini kwa hiari yao. Nao walikuwa Felice Benuzzi, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali ya Italia huko Uhabeshi. Giovanni Balletto, tabibu. Na Vincenzo Barsotti. Kisa hiki aghalabu husimuliwa kwa ajili ya ushujaa wake, na ni haki. Lakini mimi nakiona kuwa ndio mtihani mkali kuliko yote niijuayo ya kupima thamani ya maelezo yaliyoandikwa.

Zana walijitengenezea kwa siri: mashoka ya barafu kwa nyundo zilizofuliwa upya, miiba ya viatu kwa mabati ya magari na seng'enge, kamba kwa katani ya vitanda. Ama ramani, hawakuwa nayo. Tegemeo lao kubwa lilikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama wa Kenylon, nayo ilichorwa iwe pambo la bidhaa, wala aliyeichora hakuwaza kwamba yuko mtu atakayeiamini kwa uhai wake. Umbo la vilele iliwaonyesha. Masafa haikuyataja, wala ugumu wa majabali, wala mahali pa kupitia, wala jambo litakalomlazimu mtu kurudi nyuma.

Wakatoka tarehe 24 Januari, wakaufuata mto Nanyuki. Maradhi hayakumruhusu Barsotti kupanda. Wenzake wawili wakaukabili Batian, kilele cha mita 5,199, na theluji na jabali vikawashinda. Hata tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Tarehe 10 walikuwa wamekwisha kurudi kambini, wakahukumiwa siku 28 za kifungo, wakaachiliwa baada ya 7.

Insafu inatulazimu tuseme kwamba Benuzzi hakuwa mgeni wa milima, kwani alipanda Alpi tangu ujana wake, na elimu ya kamba na barafu aliijua vyema. Alichokosa ni habari za mlima huu mmoja. Na habari hizo, jambo linalonisikitisha, zilikuwako ulimwenguni: Halford Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, na safari yake ikachapishwa mwaka 1900 katika jarida la chama cha jiografia cha London; Eric Shipton na Percy Wyn Harris wakapanda tena mwaka 1929. Elimu ya miaka arubaini na zaidi ilikuwa imehifadhiwa, na mwenye kuihitaji kuliko watu wote alikuwa na karatasi ya mkebe.

Leo katika mji huohuo wa Nanyuki dukani hulipwa kwa M-Pesa, na programu za wafanyabiashara huzungumza na M-Pesa kwa kupitia API iitwayo Daraja, iliyofunguliwa na Safaricom mwaka 2017. Sasa zimezuka programu za akili unde ambazo hupewa kazi ya kusoma maelezo ya API kama hizo na kuzitumia pasipo mtu wa kuziongoza. Nazo, mfano wa Benuzzi, zimesoma habari za milima yote isipokuwa huu ulio mbele yao. Yapo mambo ambayo hayakisiki: kwamba nambari ya simu sharti ianze na 254, kwamba ombi la malipo likipelekwa kwenye simu ya mteja, jawabu la kwanza lenye sifuri maana yake ni kupokewa kwa ombi tu, ilhali habari ya fedha kulipwa huja baadaye, kwa njia nyingine, na huenda ikaja na 1032, yaani mteja amekataa. Lisipoandikwa hilo bayana, programu itamtolea mteja bidhaa ambayo haijalipiwa.

Kwa hiyo simwoni mhandisi aliyeijenga API kuwa hakimu wa maelezo yake, wala mtaalamu aliyeizoea, maana kila penye pengo wao hupaziba kwa kumbukumbu bila kujua kwamba wamepaziba. Hakimu ni msomaji asiye na kingine ila waraka: apewe kazi kamili, anyimwe nafasi ya kuuliza, kisha iandikwe kila mahali alipokisia, hata pale alipokisia sawa. Nami nautilia mkazo zaidi ujumbe wa kosa kuliko ukurasa wa mwanzo. Benuzzi alipokosea njia aliiona theluji kwa macho yake, akageuka. Programu haina macho, na jabali hulijua kwa maneno yale tu inayorudishiwa ombi lake linapokataliwa, nayo katika nyaraka nyingi nilizozisoma yameandikwa kwa haraka, na mtu aliyekwisha kuchoka.