Kufuli Lililoisumbua Pathfinder

Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kikidundadunda juu ya mifuko ya hewa hadi kikatulia. Siku chache tu baada ya kuanza kupima hali ya hewa, kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe, na kila mara kazi zilizobaki za siku zikalazimika kungoja kesho. Fundi wa kuifungua hayupo. Nashikilia kwamba werevu wa mafundi wa JPL, maabara ya NASA kule Pasadena, ambao haukuwa haba, usingetosha kuiokoa bila uamuzi wa kabla ya safari: kuacha ndani ya programu uwezo wa kurekodi mfuatano wa matukio.

Nasema hivyo kwa sababu ya aina ya hitilafu yenyewe. Kiini cha mfumo endeshi, VxWorks, hugawa zamu za prosesa kwa vipaumbele. Kazi ya hali ya hewa, yenye cheo cha chini, ilishika kufuli, yaani ruhusa ambayo kazi moja tu huwa nayo kwa wakati mmoja. Kazi ya kusambaza data, yenye cheo cha juu, ikalikuta limeshikwa, ikasubiri. Hapo kazi za cheo cha kati, zisizolihitaji kabisa kufuli hilo, zikampokonya mdogo zamu asiweze kulifungua. Mkubwa akakwama nyuma ya mdogo. Kazi ya kukagua ratiba ilipoona usambazaji haujaisha, ikaamuru kila kitu kianze upya. Ukisoma kipande kimoja kimoja cha programu hiyo huoni kosa, maana kosa limo katika nani alimtangulia nani. Mafundi walikiendesha chombo pacha maabarani, kurekodi kukiwa kumewashwa, hadi nacho kikajizima. Ndipo mfuatano ukasomeka. Dawa ilikuwepo: mwenye kufuli aazimwe cheo cha anayemsubiri, mbinu ambayo Sha, Rajkumar na Lehoczky waliifafanua kwenye makala ya 1990. VxWorks ilikuwa nayo, ila kwa kufuli hilo ilizimwa ili kuongeza kasi.

Yuko atakayesema kurekodi hula kumbukumbu na muda, basi kuondolewe kabla ya kurusha. Gharama hiyo ni ya kweli. Lakini hitilafu ya zamu hubadilika kwa kuguswa kidogo tu, na programu iliyopunguzwa si ile iliyojaribiwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kujiwasha huko kulikwisha kuonekana mara chache hapa duniani kabla ya kurusha, na hakukufuatiliwa hadi mwisho. Ni kweli, na inauma. Rekodi haimlazimishi mtu kuisoma. Ila pasipo rekodi, hata aliyeazimia kusoma angebaki na kubahatisha.

Marekebisho ya kuwasha mbinu ile ya kuazima cheo yalirushwa kwa redio, kompyuta ikaacha kujizima. Chombo kile, kilichoundwa kufanya kazi siku 30, kiliendelea kuwasiliana na Dunia hadi tarehe 27 Septemba, huku ile kazi ndogo ya hali ya hewa ikishika kufuli lake na kuliachia kwa wakati.