Shambles, Mtaa wa Wachinjaji

Tazama kwanza chini. Njia za miguu zimeinuliwa pande zote mbili ili katikati pawe na mfereji: wachinjaji walichinja nyuma ya maduka, kisha damu na taka wakazisukuma kwa maji mtaani. Kitabu cha Domesday, sajili ya kifalme ya ardhi na mali ya Uingereza ya mwaka 1086, tayari kinataja mabanda ya wauza nyama wa mji huu wa York.

Sasa inua macho. Nyumba nyingi hizi za mbao ni za karne ya 14 na 15. Ghorofa za juu zimechomoza mbele ya zile za chini, na mahali pengine zinakaribia kugusana na za jirani wa ng'ambo. Kivuli cha ghorofa hizo kiliikinga nyama na jua. Kulabu za kuitundikia bado zipo kwenye baadhi ya maduka, pamoja na rafu pana chini ya madirisha.

Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliishi hapa. Aliwaficha mapadri Wakatoliki wakati ambapo kufanya hivyo kuliadhibiwa kwa kifo. Aliposhtakiwa mwaka 1586, alikataa kujibu mashtaka. Kwa ukimya huo alilazwa chini ya mlango, ukarundikiwa vitu vizito hadi akafa. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1970. Katika nyumba namba 35 kuna kikanisa cha kumkumbuka. Usikipite, ingia, hata kwa dakika chache.

Mabucha yamekwisha, maduka ya zawadi yameshika nafasi. Fika asubuhi mapema, kabla ya umati wa wageni.