Silly Symphonies: Katuni zilizoanza na muziki, michoro ikafuata

Katuni nyingi huchorwa kwanza, muziki ukaja baadaye. Mwanamuziki Carl Stalling alimshauri Walt Disney wageuze mambo: katuni ifuate muziki. Mwaka 1929 ikatoka The Skeleton Dance, viunzi vinne vya mifupa vikicheza dansi makaburini, kimoja kikipiga uti wa mgongo wa mwenzake kama marimba. Hadi leo inachekesha.

Mfululizo huo ulifika filamu 75 kufikia 1939, nyingi za dakika saba au nane tu. Flowers and Trees ya 1932 ilianza kutengenezwa kwa nyeusi na nyeupe, Disney akaamua irudiwe kwa rangi za Technicolor. Ikabeba Oscar ya kwanza ya katuni fupi.

Wakusanyaji wana kilio chao: studio ilikuwa inaosha plastiki zilizochorwa na kuzitumia tena. Ndiyo maana mchoro halisi uliobaki ni adimu, na bei yake si ya mchezo.

Mwenye mfuko mdogo hutafuta DVD za Walt Disney Treasures za 2001, zilizouzwa kwenye kopo la bati lenye namba. Kabla ya kulipa, angalia kama bati halijabonyea.